Padi Nne, Watu Wanne

Wiki iliyopita, tukiwa chumba cha walimu tunasahihisha madaftari, mwalimu mwenzangu aliniuliza kama ile gemu mpya aliyoiona sebuleni kwa mama yangu inafaa kununuliwa. Ana watoto watatu na mke anayependa makelele, na alikuwa ameshaanza kujinyima chai ya saa nne ili ainunue. Nikamwambia haifai. Akauliza kwa nini. Nikamwambia haifai, basi, na kama hela inamuwasha akanunue mbuzi. Akacheka akidhani namtania. Sikuwa namtania.

Mimi kazi yangu ni kutoa maksi. Nimesahihisha insha za watoto walioandika wakiwa na njaa, wakiwa na homa, wakiwa wamekalia tofali, na hata aliyeandika jina lake tu huwa namtafutia kitu cha kumpa. Lakini gemu ile ningeipa sifuri na kuiagiza ije na mzazi wake. Mzazi wake namjua. Ni mdogo wangu, ndugu yangu wa pekee wa tumbo moja, na kwa karibu miaka miwili mimi na yeye tulikuwa hatusemeshani.

Kwa asiyezijua, gemu zenyewe ni zile za kuchezwa na watu wengi kwa pamoja, mashine ikiwa imeunganishwa na televisheni. Si mpira wala vita. Ni mkusanyiko wa mashindano madogomadogo ya kipuuzi. Wanyama wanene wanakimbia wakiwa ndani ya magunia, wanasukumana juu ya gogo linaloelea, wanaibiana mayai, na shindano moja linakwisha kabla chai haijapoa. Hakuna anayeweza kujigamba kwamba ni bingwa, kwa hiyo bibi na mjukuu wanakaa mkeka mmoja na kushindana sawa.

Ile ya zamani mdogo wangu aliileta mwaka uliofuata kifo cha baba. Yeye anafanya kazi Dar es Salaam, na mashine aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Alisema ni ya watoto wake, wakija likizo wasimsumbue bibi yao. Watoto walicheza siku mbili wakaichoka, wakarudi kwenye mtaro kukamata vyura. Aliyebaki na mashine akawa mama.

Mama yangu ni Mpogoro wa Mahenge. Alivuka mto Kilombero akiwa binti anayekuja kuolewa, enzi za pantoni, pale Kivukoni, akiwa amekalia sanduku lake na kufumba macho kwa hofu ya viboko. Daraja lilipojengwa alisema limechelewa. Basi katika wanyama wa gemu kulikuwa na mmoja wa kijivu, mnene, mdomo mpana, masikio madogo. Sijui waliomtengeneza walikusudia awe nani. Mama alisema huyu ni kiboko, huyu anamjua, na safari hii atampanda yeye. Akawa wake, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kumchagua.

Wachezaji wa kudumu tulikuwa wanne, yaani mama, mimi, mdogo wangu na mkewe. Wifi yangu huyo anatoka mbali na huku, na siku ya kwanza alipoletwa nyumbani kwetu kama mke alitaka kumwonyesha baba heshima. Akashika bakuli la pilipili, akapiga goti, akamnyooshea. Baba akarudisha mkono nyuma kama aliyeona nyoka. Kwetu pilipili haipewi mkononi. Unaiweka chini, mwenzako anaiokota mwenyewe, la sivyo mtagombana. Wifi hakuijua habari hiyo, akadhani amekataliwa, akaenda kulia jikoni, na ikanibidi mimi nimfuate kumweleza. Mpaka leo tunamcheka.

Mashine ilikuja na padi mbili tu. Padi ni kile kidude unachokishika kwa mikono miwili, chenye vitufe vya kubonyeza. Kwa hiyo wawili walicheza na wawili walingoja mkekani, wakibambua karanga na kuwasema wanaocheza. Anayeshindwa anampa anayengoja. Na mama, ambaye hakuna kitu kinachoingia nyumbani kwake bila kuwekewa sheria, akaiwekea padi sheria. Hairushwi, haitelekezwi mkekani. Unampa mwenzako mkononi, kwa mkono wa kulia, huku unamtazama, na yeye anasema asante. Mwanzoni niliona anatupotezea muda. Baadaye nikaona kwamba bila sheria ile tungekuwa watu wanne wanaotazama televisheni. Utamu wote ulikuwa pale pa kungoja, ambapo wifi alimwambia mumewe kwamba anakimbia kama aliyekanyaga kaa la moto, na mama alimwombea kiboko wake kwa sauti utadhani yuko kwenye sala za jumuiya.

Kwangu na kwa mdogo wangu kupeana hakukuwa jambo geni. Baba alikuwa na shamba la mpunga Idete, na mpunga ukianza kutoa masuke familia nzima ilihamia shambani. Sisi wawili tuliamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Tulishinda juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha miti kilichoezekwa nyasi, toka kunapambazuka mpaka ndege wenyewe wanakwenda kulala. Manati ilikuwa moja. Mmoja alipiga, mwingine alifinyanga vidonge vya udongo na kupiga kelele, na mkono ukichoka ulimpa mwenzako. Hatukunyang'anyana hata siku moja, kwa sababu mkinyang'anyana ndege hawawangoji. Tulikuwa na ukelele wetu, mrefu, unaoanzia tumboni na kutokea puani. Baba alisema ungeweza kumfukuza hata mkwe.

Sasa shamba hilohilo ndilo lililotugombanisha. Tangu baba afariki nalilima mimi. Nikitoka shule nakwenda, Jumamosi nakwenda, likizo nahamia kabisa. Mdogo wangu hajashika jembe pale tangu alipoota ndevu, na sikuwahi kumlaumu, kila mtu na riziki yake. Lakini siku moja nikiwa napalilia niliona mwanamume amevaa viatu visafi anapima mpaka kwa hatua. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema ametumwa na mwenye shamba aje aangalie kabla hawajapatana. Mwenye shamba, akasema, yuko Dar es Salaam.

Nilimfukuza kwa jembe mpaka barabarani. Kisha nikampigia simu mdogo wangu palepale, nikaweka sauti ya nje, na majirani wa mashamba matatu wakiwa wamesimama. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini majirani wale waliweka majembe chini ili wasikie vizuri. Mdogo wangu akajitetea kwamba hakuwa anauza, alitaka tu kujua shamba lingeweza kufika bei gani. Nikamwambia hata fisi huanza kwa kuuliza tu. Nikamwambia na mengine ambayo siyaandiki hapa kwa sababu wanafunzi wangu wanaweza kuyasoma. Alikata simu, na ndiyo ikawa mwisho wa maneno kati yetu. Sijutii. Akija mwingine na viatu vyake nitamfukuza tena.

Mama hakuchukua upande. Alichofanya ni kutuuliza, kila siku ya Mungu, mimi uso kwa uso na mwenzangu kwa simu, kama tumezungumza. Tukisema bado, ananyamaza. Siku moja tu ndipo alipoyasema yaliyomo moyoni mwake, akiwa anapepeta mchele, bila kunitazama. Alisema haogopi kufa, anaogopa mazishi yake. Watoto aliowazaa ni wawili tu. Watabebaje jeneza moja wakiwa hawasemeshani? Nikamwambia apepete mchele wake, haendi popote.

Mavuno ya mwaka jana mdogo wangu alikuja kwa sababu mama alimwagiza aje. Mimi nimemzidi miaka saba, na tangu alipoota meno alikuwa akinisalimu shikamoo dada. Safari hiyo alishuka kwenye bajaji, akasimama mlangoni, akasema, "Hamjambo hapa," akiusalimu ukuta. Nikauacha ukuta umjibu.

Baada ya chakula mama akaamuru mashine iwashwe. Tukacheza. Mimi na yeye hatukusemeshana, ila tuligombana kupitia watu wengine. Nilimwambia mama kwamba kuna mtu hapa anasukuma watu kwenye gogo kabla mchezo haujaanza. Yeye akamwambia mkewe kwamba kuna mtu hapa akishika padi haiachii, kama shamba. Kila padi ilipohama tulipata la kusema. Kisha akashindwa na mama, na zamu ilikuwa yangu. Nikanyoosha mkono. Nataka hilo lieleweke, nilinyoosha mkono. Akautazama. Akaigeuza padi, akaigeuza tena, kama anayechagua upande wa kunitusi nao, kisha akaiweka mkekani mbele yangu.

Chini. Kama unavyomwekea mbwa makombo.

Niliiacha ilipo. Nikainuka, nikaenda jikoni, nikaosha vyombo ambavyo wifi alikuwa ameshaviosha. Mwaka mzima niliisimulia habari ile. Niliwasimulia chumba cha walimu, nikawasimulia wenzangu wa kwaya, nikamsimulia hata muuza samaki ambaye alitaka tu kujua nachukua wangapi. Wote walikubali kwamba si adabu. Mdogo mtu, tena mbele ya mama, tena katika nyumba yenye sheria ile. Kila nilipoisimulia nilipandwa na hasira upya, na nikiwa mkweli, nilianza kuipenda.

Mwaka huu akaja na katoni.

Alilishusha kwenye bajaji kana kwamba ni trei ya mayai, akausalimu ukuta, akaingia nalo ndani. Akamweleza mama, si mimi, kwamba ile gemu imetolewa upya, imeboreshwa, na huko mjini watu wanaigombania. Kizuri chajiuza, nilisema kwa sauti nikiwa nakuna nazi, nikamwachia mama amalizie mwenyewe. Mama hakumalizia.

Nitatenda haki kwanza. Rangi ni nzuri kuliko za zamani. Maji yanaonekana maji, na manyoya ya wanyama unaweza kuyahesabu. Mashindano yameongezwa mpaka huwezi kuyamaliza yote kabla hujaitwa mbinguni. Hayo ndiyo mazuri yake, na kipya kinyemi ingawa kidonda.

Sasa kidonda chenyewe. Tulitoka misa ya kwanza, tukakaa tucheze, gemu ikasema ngoja. Ingawa alikuwa ameibeba kwenye katoni toka Dar es Salaam, nusu yake ilikuwa bado iko kwenye mtandao na ilibidi ivutwe kwa bando. Bando la mdogo wangu likaisha. Likaisha la wifi. Kiduara kinazunguka tu kwenye skrini, mimi nimebandika maharage, yameiva, kiduara bado kinazunguka. Ilipofunguka ikataka kila mchezaji awe na akaunti yake na aseme amezaliwa lini. Ile ya zamani haikuwahi kutuuliza habari za kuzaliwa kwetu. Mama anajua alizaliwa mwaka ambao mto uliingia majumbani, na katika bonde hili miaka ya namna hiyo ni mingi. Mdogo wangu akabahatisha tarehe, akakosea mwaka, gemu ikaandika kwamba mchezaji huyu ni mtoto mdogo na inahitajika ruhusa ya mzazi. Mama alipotafsiriwa maneno hayo alicheka mpaka akajishika mbavu. Akasema wazazi wake wamelala Mahenge, anayetaka ruhusa yao akawaamshe.

Kisha akamtafuta kiboko wake. Alitafuta sana. Yupo, mdogo wangu akamwonyesha, ni huyu hapa. Alikuwa amekonda, amevaa viatu vya kukimbilia na miwani ya jua.

"Wamemfanya nini?" mama akauliza.

Akajibiwa kwamba ameboreshwa. Akamchagua hivyohivyo, lakini nilimwona hakumwombea tena.

Hayo yote ningeyasamehe. Ambalo sikulisamehe ni padi. Zilikuwa nne, kila moja na rangi yake, na mdogo wangu alikuwa amezipanga mkekani kabla hatujakaa, kila mtu na mahali pake, yangu ya kijani. Niliielewa maana yake kabla sijaketi. Mtu amekaa mwaka mzima akitafuta namna ya kukaa chumba kimoja na mimi bila mkono wake kugusana na wangu, na wenye viwanda wakamtengenezea, wakamfungia kwenye katoni, na yeye akalipia kwa furaha.

Tukacheza wote wanne kwa pamoja. Hakuna aliyengoja, kwa hiyo hakuna aliyemsema mwenzake. Karanga zilikaa ndani ya maganda yake. Kila mtu alikuwa amemkodolea macho mnyama wake, anabonyeza, anavuta pumzi puani, anabonyeza tena. Gemu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikishangilia. Ilikuwa na makofi yake na vicheko vyake, ikajichekea pale ukutani huku sisi tukiwa kimya kama tuliokuja kumwangalia mgonjwa.

Likaja shindano la sauti. Hilo ndilo wanalojivunia zaidi katika toleo jipya. Gemu ina sikio, na ukipiga kelele mnyama wako anapaa. Anayepaa juu zaidi ndiye mshindi. Wifi akatoa sauti ya heshima, mnyama wake akafika usawa wa bati. Mama akasema eeeh, wa kwake akaruka kidogo akatua. Mimi sikufikiri. Nilivuta pumzi, ukelele wa dunguni ukatoka wenyewe, ule unaoanzia tumboni, na kabla haujafika puani nikausikia mwingine pembeni yangu unaofanana nao. Mdogo wangu naye alikuwa ameutoa. Mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Wifi akaziba masikio. Mama akaweka mikono magotini, akatutazama. Na mimi nikajikuta namtazama mdogo wangu, yeye ananitazama, kwa muda ambao ungetosha kufinyanga kidonge kimoja cha udongo.

Wanyama wetu wawili hawakuinuka hata kidogo. Gemu ikaandika kwamba mahali hapa pana kelele nyingi, tafadhali tutafute sehemu tulivu tujaribu tena. Hatukujaribu tena. Kila mmoja akarudisha macho kwenye skrini.

Mama ndiye aliyeacha kwanza. Aliiweka padi yake mapajani, kiboko wake mwenye miwani akabaki amesimama anapigwa na wenzake.

"Mbona hampeani?" akauliza.

Mdogo wangu akamweleza, kwa sauti ya mtu aliyeleta zawadi, kwamba siku hizi hakuna haja. Kila mtu ana yake, hakuna wa kungoja, hakuna wa kumpokea mwenzake. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nilisema nikiwa natazama ukutani, maana na mimi nilikuwa nimejifunza kuzungumza na ukuta.

"Amenunua ili asinipe mkononi. Mwaka jana aliniwekea chini kama mbwa. Mwaka huu ameona hata kuniwekea chini ni kazi."

Wifi akazima sauti ya televisheni. Mdogo wangu aliizungusha padi yake vidoleni. Kisha akasema maneno ya kwanza aliyonielekeza mimi tangu siku ya simu.

"Niliweka chini kama pilipili, dada."

Sikumwelewa, ikabidi aendelee. Alisema siku ile tulikuwa tumegombana kila padi ilipotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Aliponitazama nimenyoosha mkono, akaona kwamba akinipa tutaanza upya, na mama amekaa pale anatusikiliza. Akamkumbuka baba alivyorudisha mkono nyuma siku ile ya bakuli la pilipili. Kitu cha kugombanisha hakipewi mkononi, kinawekwa chini, mwenzako anaokota. Alidhani nitajua. Kama si mimi, alisema, ni nani mwingine duniani ambaye angejua? Alipoona nimeinuka na kwenda jikoni akajiona ameshindwa hata hilo. Ndiyo maana akatafuta gemu yenye padi nne, ili tukae pamoja na pasiwe na kitu cha kutupitia katikati.

Sikumwamini mara moja. Mdogo wangu ana ulimi, toka utoto alikuwa anaweza kumweleza baba kwa nini maziwa yamejimwaga yenyewe. Lakini nilikumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekisimulia mwaka mzima kama tusi la ziada, kule kuigeuza padi kabla ya kuiweka. Hakuwa anachagua upande wa kunitusi. Aliigeuza mpaka vishikio vikaelekea kwangu, kama unavyoligeuza bakuli la pilipili ili kijiko kimwelekee anayechukua. Baba alikuwa akifanya hivyo. Mimi mwenyewe nafanya hivyo. Niliumia, na nilimkasirikia kwa kuniumiza, na sikuwa tayari kumwachia aondoke na ushindi.

"Na yule wa viatu visafi?" nikamuuliza. "Naye ulimweka shambani kama pilipili?"

"Yule nilikosea. Nilipaswa kukuuliza kwanza."

Nikamwambia angeniuliza ningekataa. Akasema analijua hilo, ndiyo maana hakuniuliza. Lilikuwa jibu baya, ila lilikuwa la kweli. Akasema tena, polepole, kwamba shamba haliuzi, na kwamba hatamleta mtu yeyote pale bila mimi. Hasira ya miaka miwili ina mizigo, haiwezi kuondoka siku hiyohiyo unayoifungulia mlango.

Mama hakusema asante Mungu wala hakuinua mikono juu. Alimwambia wifi alete chakula. Tukasogeza padi zote nne pembeni, pakakaa sinia la wali, maharage, kambale wa nazi na bakuli la pilipili. Gemu tuliisahau ikiwa inawaka. Baada ya muda iliandika kwenye skrini ikituuliza kama bado tupo, na hakuna aliyeijibu.

Mwalimu mwenzangu hayo sikumweleza, ningechelewesha madaftari. Nilimpa hukumu tu, na hukumu ni ileile. Nyumba yenye watu wanne wanaopendana inatosha kuwa na padi mbili. Nyumba yenye watu wanne wasiosemeshana inahitaji padi moja.

Pale kwenye sinia, bakuli la pilipili lilikuwa upande wa mdogo wangu. Akajitilia. Kisha akaliinua na kutafuta mahali pa kuliweka mkekani kati yangu na yeye, kwa adabu zote, kijiko akiwa ameshakigeuzia kwangu. Nikanyoosha mkono. Akaukazia macho, kisha akamtazama mama. Mama alikuwa anachambua miiba ya samaki kana kwamba yuko peke yake chumbani.

"Nipe mkononi," nikasema. "Tumeshagombana. Pilipili itatufanya nini tena?"

Akanipa, kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko. Hakuliachia bakuli mpaka alipohakikisha nimelishika.

"Shikamoo, dada."

Nilimwacha angoje. Nikajitilia pilipili, nikaweka bakuli pembeni, nikafinyanga tonge, nikala. Kisha nikaitikia.